Ile Pinki Haikuwa Pambo

Baba, shikamoo. Chai iko kwenye chupa. Mboga ipashe moto, usiile baridi. Fundi bomba atakuja mchana, mfungulie.

Asubuhi niliwasha kompyuta huku maji yakichemka, kama kawaida yangu, nikakuta picha zangu zote za mchezo zimepakwa bluu nyuma ya wahusika. Ukasema, "Nimekusaidia, mwanangu. Ile pinki iliumiza macho." Nikajibu, "Asante, Baba," nikaingia bafuni kulia.

Jicho lako la fundi wa mabango nalijua. Lakini ile pinki ndiyo inayoiambia programu ya mchezo, "Hapa pasionekane kitu." Sasa kila mhusika anaruka na boksi la bluu, kama mtu aliyehama na kabati lake. Na siwezi kuifuta bluu yote kwa mara moja, maana maji ya kwenye picha na macho yao pia ni bluu.

Sisi tunaoupenda mchezo huu wa kompyuta tumejitengenezea programu ya kubuni hatua zake mpya, na wenzangu wanasubiri picha leo jioni. Ni mara ya kwanza michoro yangu kukubaliwa.

Picha nimezibeba kwenye flashi. Nazirekebishia kwa shangazi, kwa sababu nikibaki hapa nitakwambia "asante" tena.

~~Usiguse kompyuta yangu.~~ Kompyuta itumie, tazama mpira wako. Picha ndizo usiguse.

Ulipoziita michezo ya watoto nilinyamaza. Sasa nasema: ni kazi yangu, Baba, na umeniumiza. Ukitaka kunisaidia, kaa nami, uniulize kwanza.

Binti yako