Neno la Kwanza la Nanjala

Kitale,
Jumapili, baada ya kanisa.

Kwa Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo Bokoli. Mgongo unaendeleaje? Na yule ng'ombe wa madoa alizaa salama? Ningesema na mimi ni mzima, vile barua huanza, lakini mzima ni mwili tu. Nimekaa roho mkononi tangu Jumanne.

Nimeona afadhali niandike kuliko kupiga simu ya dukani, kwa sababu ukiongea pale soko zima linasikiliza. Vaa miwani uisome hii mwenyewe. Usimpe mtu akusomee, tafadhali.

Ni habari ya Nanjala. Si nilikwambia Januari nampeleka darasa la kwanza, sasa shule ni ya bure? Alikaa siku nne. Ya tano mwalimu mkuu akaniita, akasema mtoto haketi, haandiki, akiitwa hageuki, na kengele ikilia anaziba masikio na kupiga nduru mpaka hakuna anayesoma. Hakunifokea. Aliniandikia karatasi tuende mjini, ofisi ya elimu, ati kuna walimu wanaopima watoto kama yeye. Watoto kama yeye. Nilitembea na hayo maneno mpaka nyumbani, na Nanjala mbele yangu anatembea kwa ncha za vidole vile anapenda.

Sasa sikia upumbavu wangu. Mimi nilidhani kupimwa ni intaviu, kama ile ya kuingia nasari, mtoto akijibu vizuri anapita. Nikasema huyu wangu hafeli. Wiki mbili nzima, nikitoka kazini na vumbi la mahindi bado liko kwa nywele, nilikuwa namketisha na kumfundisha. Unaitwa nani? Nanjala. Unakaa wapi? Kitale. Una miaka mingapi? Sita. Hii ni rangi gani? Nyekundu. Unajua vile ukimuuliza kitu anakurudishia swali lako. Ukisema "umekula", naye anasema "umekula", hata kama njaa inamuuma. Lakini haya aliyashika, Mama. Yote manne, mbiombio kama mtu wa redio. Nililia kwa furaha. Hata Mama Zainabu, jirani yetu hapa nyuma ya msikiti, alimpigia makofi, na Nanjala akaziba masikio.

Jumanne nikaomba ruhusa kazini tukaenda. Kazi yangu unaijua, kuchambua mbegu: nzuri inaingia kwa gunia, iliyopasuka inatupwa chini. Miaka mitano sasa, vidole vinajua vyenyewe. Tukingoja kwa benchi na wazazi wengine, mmoja amebeba mgongoni kijana mkubwa ambaye miguu yake karibu iguse chini, wazo likanijia kwamba leo wanaochambuliwa ni watoto wetu. Nikaikalia mikono yangu.

Aliyetupokea ni mwalimu mwanamke, wa umri wako hivi, mpole. Alimpa Nanjala vizibo vya soda achezee, naye akavipanga mstari kama kawaida yake. Kisha akamuuliza, "Nanjala, una miaka mingapi?"

"Nanjala," akajibu.

"Na unaitwa nani?"

"Kitale."

"Nani amekuleta hapa?"

"Sita."

Nilijua hapo hapo. Alikuwa anafuata mpangilio wangu, maswali hayasikii kabisa. Mwalimu akainua kizibo cha kijani, hata hajauliza kitu, Nanjala akasema "nyekundu". Kisha akarudia vizibo vyake, kwa sababu yale niliyomfundisha yalikuwa yameisha.

Mwalimu aliweka kalamu chini akaniangalia. Nikasema mimi sijamfundisha chochote. Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Akavuta fomu, akaanza kuniuliza mimi. Mtoto aliketi akiwa na miezi mingapi? Alitembea lini? Aliwahi kushikwa na degedege? Neno lake la kwanza lilikuwa lipi? Akiwa na miaka miwili alikuwa anaongea kuliko sasa? Mama, mimi ningejulia wapi? Nilimwacha kwako na miezi minane nikaja kutafuta kazi, nikamchukua ana miaka minne. Hayo ya katikati uliyaona wewe. Lakini mzazi ataanzaje kusema hajui? Aibu ilinishika, nikajibu kama mtu aliyekuwepo. Alitembea kwa mwaka mmoja. Degedege hapana. Neno la kwanza nikasema ni "mama". Yeye anaandika, mimi natoka jasho.

Kumbe uongo una miguu mifupi. Aliomba kadi ya kliniki, akaona mihuri yote ni ya huko nyumbani, hakuna hata mmoja wa Kitale. Akauliza mtoto aliishi na nani. Hapo nikashindwa, nikalia mbele yake kama mtoto, na nikamwambia yote, hata yale mazoezi.

Hakunicheka. Alisema, "Mama, hapa hakuna mtoto anayefeli. Lakini ukinidanganya, nitampangia msaada mtoto mwingine, sio huyu."

Anataka kumsikia mtu aliyemlea. Ametupa Alhamisi ya wiki ijayo kabisa, siyo hii inayokuja. Bila hayo hawezi kuandika mtoto ana shida gani, wala asome wapi, wala kama tutatumwa hospitali Eldoret. Na bila karatasi yake mwalimu mkuu hampokei. Nikiwa kazini Mama Zainabu ndiye anamwangalia, lakini ana kazi zake. Juzi Nanjala alichomoka, wakampata amesimama katikati ya barabara, ameziba masikio, lori limesimama mbele yake likipiga honi. Hakusogea. Nimeambiwa tu, sikuona, lakini kila nikifunga macho naliona hilo lori. Baba yake jana alikuja kutoka Moi's Bridge, akasema ati mjomba wake yeye pia alichelewa kuongea, tungoje. Nimechoka kungoja, Mama. Ninaogopa.

Sasa lile nililokuandikia. Krismasi, Shangazi alianza kusema "ile siku mtoto alikauka mikononi", ukamkatiza, ukaitisha chai. Niliona. Sikuuliza kwa sababu nililiogopa jibu. Wewe ukasema ni jina ndilo limemkataa, wazee wamtafutie lingine. Hayo ya jina tutaongea, sijakataa. Lakini kwanza njoo umwambie huyo mwalimu vile ilikuwa. Kama alikauka kwa degedege, sema alikauka. Kama alikuwa anaongea kisha akaacha, sema ni lini aliacha. Sikulaumu hata kidogo. Aliyeondoka ni mimi, wewe ulibaki naye.

Njoo Jumatano ya kuamkia hiyo Alhamisi, nitakungoja stendi. Ukiwa na shali ya kijivu ibebe, asubuhi huku ni baridi. Na usimletee kitu cha kupiga kelele, mletee maharagwe ya rangi mbili, atayatenganisha siku nzima bila kukosea hata moja.

Nisalimie Shangazi wa Kanduyi, umwambie alifanya vizuri kusema. Msalimie mjomba fundi wa baiskeli, na yule dada wa kwaya anayekuchotea maji. Waambie tunaendelea, usiwaambie mengine.

Na lile neno la kwanza, Mama. Nilisema ni "mama", na mwalimu akaliandika kwa fomu. Nikiwa njiani kurudi ndio nilijiuliza angekuwa anamwita nani, na mimi nilikuwa huku. Kama aliita "kukhu", vile watoto wetu wanamwita nyanya, njoo useme ni kukhu. Nitamwomba mwalimu akate langu aandike lako.

Ni mimi binti yako,
Nekesa