Zamu ya Maji ya Jabalini

Jabal Akhdar, Omani
3 Februari 1988

Mwanangu Mardhiya,

Asalaam alaykum. Sie huku juu wazima, baridi tu inatutafuna. Mwanao Suad na masomo yake vipi?

Tangu baba yako afariki, zamu yake ya maji ya falaji, mfereji wetu wa kijiji, imebaki kwa jina lako. Uko London, makomamanga hayakuoni. Mwachie binamu yako Seif. Sema ndiyo tu, wazee wanaogawa maji wakufute daftarini.

Ami yako,
Matar

Edmonton, London
20 Februari 1988

Ami Matar,

Shikamoo. Nasi wazima, ila Suad nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza.

Seif amwagilie, nimemruhusu. Jina langu halifutwi. Baba alikimbia mapinduzi Unguja na nguo za mwilini. Mkampokea huko mkimwita Mzanzibari, na zamu ile akaipata kwa kuchimba mfereji pamoja nanyi. Alinifundisha jabali lote: chemchemi chini ya genge, mfereji uliochongwa ubavuni mwa mwamba, mashamba yanayoshuka ngazi kwa ngazi, mpaka chini kwenye wadi, bonde la mto mkavu, changarawe tupu hadi mvua inyeshe juu. Tushafutwa mara moja. Ya pili sikubali.

Mwanao,
Mardhiya

Jabal Akhdar
12 Aprili 1988

Mardhiya,

Salamu kwenu. Mvua imeporomosha mawe, mfereji umebomoka, maji yanapita kidogo tu. Mila unaijua: kila mwenye zamu aje azibue kwa mkono wake, asiyekuja zamu imempita. Tunaanza baada ya Idi. London si mtaa wa pili, basi yamekwisha.

Ami yako,
Matar

Edmonton
30 Aprili 1988

Ami,

Shikamoo, na Ramadhani njema kwenu nyote. Hayajakwisha. Nyumba ya wazee ninakofanya kazi wamenikatalia likizo, nikawaambia watafute mtu mwingine. Nakuja na Suad. Tuwekee mabeleshi.

Mwanao,
Mardhiya

Jabal Akhdar
24 Juni 1988

Mwanangu Mardhiya,

Asalaam alaykum. Natumai mmerudi London salama, na malengelenge ya beleshi mikononi mwa Suad yamepona.

Usidhani nimekubali. Wanawake kuingia mferejini pamoja na wanaume, mpaka leo sijapenda, na ulivyonijibu mbele za watu sijasahau.

Leo zamu yako imefika. Seif akainama kuyageuza maji shambani kwake, kimya kimya, kama mali yake. Nikamshika mkono, nikamtaka aseme kwanza ni maji ya nani. Akajaribu kujinasua. Maji yakawa yanapotea bondeni, zamu yangu inayofuata ikaanza, makomamanga yangu mwenyewe yakiyakosa, na sikumwachia mpaka alipolitaja jina lako.

Ami yako,
Matar