Mchezo Niliouweka Saa Tisa

Kapkatet, 1996

Mwalimu wangu Kamau,

Chamgei. Salamu hiyo ulijifunza kwetu na hukuwahi kuitamka sawasawa. Tulikucheka mbele yako, nawe ukacheka kutushinda.

Nina habari, lakini kwanza nikiri kosa. Mchezo wa kuigiza wa shule niliuweka saa tisa mchana. Najua, najua. Mimi mtoto wa Kipsigis, niliyezaliwa kwenye majani chai, kusahau kwamba saa tisa ni ya mvua! Wewe uliyetoka Murang'a ndiye ulituambia mchezo ni wa asubuhi, mchana tuiachie mvua na mabati.

Tangu tukuzike nilikuwa na woga mmoja, kwamba shairi lako litafia mikononi mwangu. Hukuliandika popote. Ulitufundisha kwa mdomo Jumamosi, tukichuma chai na mama zetu, wewe umesimama ng'ambo ya bonde ukipaza, "Sijasikia! Tena!" Mama zetu walinung'unika kwamba unachelewesha vikapu.

Basi Chelangat wa darasa la tano akakuigiza wewe, yule mtoto wa Emajensi, siku za Mau Mau, aliyefichwa ghalani chini ya mahindi, nyanya yake amemwambia asikohoe mpaka askari wa mkoloni waondoke. Akatoka ghalani, akafungua mdomo aseme shairi, na mvua ikamwagikia mabati. Mwalimu, hata mimi niliyekuwa karibu sikusikia neno. Akaniangalia. Machozi yalinitoka.

Ndipo mama yangu akasimama kule nyuma. Mama, asiyejua kusoma, aliyekulalamikia kikapu kila wiki! Akapaza: "Nilinyamaza nipate kuishi, sasa naishi nipate kusema." Jirani yake akadakia, kisha safu yote. Kumbe miaka hiyo yote walikuwa wakishika kila neno, wakijifanya wamekasirika. Ukumbi mzima ukasema shairi lako mpaka mwisho, Chelangat akiongoza kwa mikono, na mvua ikashindwa. Mke wako alicheka mpaka akashikilia kiti.

Nimefurahi, Mwalimu. Na nimelia pia, kwa sababu ningetaka uwe pale.

Pumzika vizuri. Muhula ujao mchezo ni saa tatu asubuhi, naapa. Na Jumamosi hii nitasimama ng'ambo ya bonde, mahali pako, niwaambie sijasikia.

Mwanafunzi wako,
Chebet