Yaliyosemwa Yudono

Toge, chini ya Mlima Haguro
Mwanzo wa Septemba

Mdogo wangu mpendwa Fumie,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku milimani. Natumaini wewe, shemeji na watoto mu wazima, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua. Sisi huku tu wazima wa mwili. Ya moyoni utayasoma mbele. Na huyo mwanangu Tatsuro najua anashiba, maana ulimi wa ng'ombe wa kuchoma wa huko Sendai hajawahi kuukataa. Mwambie mama yake anamsalimu, apende asipende.

Barua hii ilipaswa kuja na jibu. Mlinituma, wewe na yeye, nimuulize baba yake kwa nini alimfukuza nyumbani siku ile alipoomba avae nguo nyeupe na kuongoza mahujaji mlimani, kama babu zake wote. Miaka mitatu kijana analala chumba chako cha nyuma akiamini kwamba baba yake hamwoni kuwa mtu. Miaka mitatu nami nauliza, na Yasuji anakunja gazeti, anatoka kwenda kukagua kuni. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mume wangu ameficha hili hata kifo kingechoka kungoja. Nikaamua kumfuata hukohuko mlimani, ambako hakuna kuni.

Nilijidanganya. Unawajua waongozaji hawa: mtu akishavaa nguo nyeupe, lolote aambiwalo hujibu neno moja tu, "Nimepokea." Mvua imnyeshee, amepokea. Mkanyage kidole, amepokea. Tulianza kuupanda Mlima Gassan asubuhi na kikundi cha wazee kutoka Chiba, yeye mbele na baragumu lake, mimi nyuma yake nikihema. Nikamwambia, Baba Tatsuro, mwanao anakonda kwa mawazo. Nimepokea. Nikamwuliza, una moyo wewe, au una jiwe kama haya meusi tunayoyakanyaga? Nimepokea! Fumie, nilitamani nimvue ile nguo nimpige nayo.

Wazee wa Chiba walikuwa wakicheka. Bibi mmoja wao, Mitsu, ana miaka themanini na anapanda kama mbuzi, akanishika mkono akaniambia, "Mama, mume wa namna hii mpe begi lako abebe. Si kasema kapokea?" Nikampa kwa hasira. Akalibeba hadi kileleni.

Kileleni ukungu ulikuwa mzito, hata hekalu hatukuliona mpaka tulipoligusa. Tukasali, tukaingia kibandani pa kupumzikia mahujaji, tukanywa supu ya machipukizi ya mianzi. Alipokaa kando yangu akafungua kilemba chake, nikasema moyoni, sasa. Akafunua mdomo, akaniambia kwamba ngazi za chuma za kuteremkia patakatifu pa Yudono zimelowa, niteremke nikiutazama mlima. Hayo ndiyo maneno marefu niliyoyapata kwake tangu alfajiri.

Tukateremka. Yudono unapajua, na sheria yake unaijua. Marehemu mama alitufundisha kabla hatujajua kusoma. Unavua viatu, unaingia, na utakayoyaona na kuyasikia mle huyasimulii, wala mtu hakuulizi. Mlima ule ulitema moto zamani, na watu wetu hawajauchezea tangu hapo. Wazee wa Chiba walipomaliza na kushuka kwenda kwenye basi, Yasuji akanizuia mkono. Tukabaki wawili, miguu mitupu.

Akasema. Mtu yule akasema, Fumie! Alinieleza tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kugugumia. Nyumba nzima tunayo, vyumba kumi vya kulaza wageni, bafu, jiko, na ghala la kuni analolipenda mno, naye akachagua mahali pekee ambapo neno likitamkwa halitoki. Nilipovaa viatu nikamwambia, umenifunga mdomo makusudi. Akanijibu kwamba hakuna pengine ambapo ulimi wake ungekubali. Nililia barabarani kwa uchungu na kwa hasira, sijui kipi kilitangulia kingine. Sasa ninyi mnataka jibu, mimi ninalo, na sitalitoa. Nimewaonya mahujaji juu ya sheria hiyo maisha yangu yote. Sitakuwa wa kwanza kuivunja. Usinipigie simu kunibembeleza. Nimechoka.

Lakini kuna jambo moja nimekuficha, na hilo lilisemwa kibandani, si Yudono, kwa hiyo ni langu. Baada ya ile habari ya ngazi nilimwambia Yasuji kwamba nimefika mwisho. Nikamwambia kwamba asipofungua kinywa kabla ya jua kuchwa, nitapanda basi la Sendai pale chini, nije kwako, na nyumba ya Toge hataniona tena. Halikuwa tishio, nauli nilikuwa nayo mfukoni. Akanitazama sana, akasema, "Nimepokea."

Kwa hiyo mwambie Tatsuro hivi. Alichokisema baba yake siwezi kumwambia. Nilichokifanya baada ya kukisikia naweza: nilirudi na yule mzee nyumbani, nikampashia maji ya kuoga, nikamsugua mgongo. Baba yake atakuwa Yudono kila Jumapili mpaka theluji ifunge njia. Hilo aliniambia bafuni, si Yudono: atamngoja mtoto wake pale. Aje, avue viatu, asikie mwenyewe.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na hilo goti likande kwa maji ya moto. Nawe, Tatsuro akirudi kwako macho yamemvimba, mpe chai, mtandikie alale, na usimwulize kitu.

Ni mimi dada yako,
Kinuyo