Kizazi cha Tatu au cha Nane

4 Machi

Kwako Baba Chiriku,

Hujambo huko machimboni kusikoshika simu? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa vumbi la mawe? Sisi ni wazima. Chiriku ameota jino la pili na anataka kila mtu alijue, kwa hiyo anang'ata. Mimi pia mzima, ila nyumba imenyamaza hata nimeanza kuzungumza na pasi.

Habari yenyewe ni hii: kompyuta yetu imekufa. Siyo kuzimia kama zamani, ile ya kupigwa kofi ikaamka. Imetoa harufu ya kuungua, ikakata kauli, na harusi ya watu nimeiunga nusu. Mpiga picha amenivumilia, anasema anapenda ninavyokata na kuunga video zake, lakini wateja hawatamvumilia yeye. Nikamwendea yule muuza kompyuta za mitumba. Mtaani tunamwita Bwana Dhamana, kwa sababu ukimwuliza kama ana dhamana anajibu, "Ipo mama, mpaka pale mlangoni."

Ana mbili. Moja prosesa yake, ule ubongo wenyewe, ni i7 ya kizazi cha tatu. Nyingine ni i5 ya kizazi cha nane, na bei yake karibu mara mbili. Nikijikamua naiweza hata hiyo ghali. Bwana Dhamana akaniambia, "Shemeji, saba na tano ipi kubwa? Hata huyo mtoto anajua." Nikamwambia huyu mtoto anajua kunyonya tu. Na kama saba ndiyo kubwa, mbona tano ndiyo ghali? Akaanza kupangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

Nikaomba nizijaribu zote kwa kipande kilekile, bibi harusi anaingia ukumbini. Ile ya tatu ikaanza kazi. Nikamnyonyesha Chiriku ziwa la kwanza, nikamhamishia la pili, akacheua, ndipo ikamaliza. Ile ya nane ilimaliza sijambadilisha ziwa. Halafu imetulia, feni huisikii. Ya tatu inavuma kama mashine ya kusaga, ingawa nikuambie ukweli, kelele yake siichukii. Chumba kinakuwa kama kina mtu.

Fundi ni wewe. Nichukue ipi?

Mkeo,
Mama Chiriku


18 Machi

Mama Chiriku,

Dereva wa lori la maji amenipa barua yako. Kifua kimepona. Mwambie Chiriku asing'ate watu wasiomdai.

Huyo Bwana Dhamana anakuchezea shere. Saba na tano unazilinganisha kwa watu wa kizazi kimoja, siyo babu na mjukuu. i7 ya kizazi cha tatu ilikuwa mfalme enzi zake: viini vinne, kila kiini kinashika kazi mbili. Lakini i5 ya kizazi cha nane ina viini sita kamili, na kila kimoja kina mbio kuliko vya yule mzee, tena umeme inakula kidogo. Kwa video, mzee hamfikii. Umeliona mwenyewe kwa kipimo chako cha maziwa, ambacho sijawahi kukisoma kwenye kitabu chochote.

Ila thamani siyo mbio peke yake. Ya tatu ni karibu nusu ya bei, na kazi yako ya sasa itaifanya, polepole. Ubaya wake, programu mpya zimeanza kuikataa, na ikishindwa hakuna cha kuongeza. Kwa hiyo jiulize utaitumia muda gani. Kama ni ya kuvukia tu, mpaka mtu wa kukutengenezea mashine nzuri awepo nyumbani, chukua ya tatu. Kama ni ya miaka mitano, chukua ya nane. Hapo rahisi ni ghali.

Uamuzi nakuachia.

Mumeo,
Baba Chiriku


1 Aprili

Baba Chiriku wangu,

Unaendeleaje, na chakula cha kambini bado ni kilekile? Huku hatujambo. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Chiriku naye ameisoma, ndiyo maana kona moja haipo.

Nimeelewa yote, hata viini. Mimi niliyeishia darasa la saba leo nabishana na muuza kompyuta mpaka ananiita mwalimu. Ila kuna moja hukunijibu. Unasema nijiulize nitaitumia muda gani. Nitajiulizaje, mume wangu, na mwenye jibu ni wewe?

Mkataba wako unaisha mwisho wa Juni. Mke wa mpishi wenu alinikuta sokoni akaniambia kampuni inawasainisha upya, miaka na miaka, na kwamba wengi wameshasaini. Akaniangalia usoni kuona kama najua. Nikajifanya nachagua vitunguu. Nilichagua mpaka muuzaji akaniuliza kama natafuta cha kunioa.

Kwa hiyo nijibu hili tu, nami sitataka maelezo. Ninunue ya miezi au ya miaka?

Mkeo anayesubiri,
Mama Chiriku


29 Aprili

Baba Chiriku,

Natumaini u mzima. Lori limekuja mara mbili na dereva ameshuka mikono mitupu. Nilimwuliza kama unaumwa, akasema hapana, amekuona unakula na unacheka na wenzako. Nimefurahi kwamba unakula.

Hatujambo. Chiriku anasimama kwa kushika ukuta, akigundua amesimama anaogopa na kukaa. Harusi ya watu naimalizia kwa mpiga picha, ananiazima kompyuta yake mwenyewe akienda kula. Anakula haraka sana yule baba.

Bwana Dhamana ameniambia hawezi kuniwekea zote mbili milele. Nimemwambia hata mimi.

Mama Chiriku


13 Mei

Mama Chiriku,

Hamjambo. Mimi mzima.

Chukua ya kizazi cha nane.

Baba Chiriku


10 Juni

Baba Chiriku,

Salamu zangu leo ni fupi maana hazina safari. Niko hapa getini kwenu, nimekaa kwenye benchi la mlinzi, na kalamu hii ni yake. Amekubali kukuletea karatasi hii baada ya kunihoji kama mwizi, halafu Chiriku akamcheka, akalainika.

Jibu lako nililipata na nililielewa. Ulikosa pa kuiandika ile miaka, ukaiandika kwa kunichagulia kompyuta. Sikulia pale dukani. Nilimwambia Bwana Dhamana anifungie ya tatu. Akasema, "Shemeji, si mzee wako alisema ya nane?" Nikamwambia mzee amesema yake, na mimi nina yangu. Tulipofika mlangoni akanikumbusha dhamana imekwisha.

Usinicheke. Najua ya nane ndiyo bora, hesabu yako siipingi. Hii yangu imeshamaliza harusi mbili kwa kuvuma na kujikongoja, na mpiga picha hajalalamika. Ila ningechukua ya nane, ningekuwa nimekubali mambo ambayo hakuna aliyeniambia. Tofauti ya bei ndiyo nauli iliyotuleta. Dereva alitukalisha mbele na Chiriku amepiga honi njia nzima, hata palipokuwa na mbuzi tu.

Sikuja kugombana. Kama umesaini, umesaini. Nakumbuka ulivyokaa nyumbani bila kazi, ulivyokuwa unaamka mapema na kuvaa viatu kama mtu anayesubiriwa mahali. Sitaki urudi kwenye hilo. Lakini kama ni miaka, niambie kwa mdomo wako nikikuangalia, tukae hapa kwenye benchi tuigawane, ijulikane ya kwako ipi na ya kwangu ipi. Kuisubiri peke yangu bila kujua mwisho wake ndiko nisikokuweza.

Lori linageuza kesho asubuhi. Mlinzi anasema mkewe atatupa pa kulala.

Jambo moja la mwisho, usije ukaumia moyo. Nilimwonyesha Chiriku picha yako ya kazini ili akujue, na sasa kila mwenye kofia ngumu anamwita baba. Mlinzi ameshaitwa. Kipenga cha kutoka kazini kikilia mtapita hapa nyote, na atawaita nyote, mmoja baada ya mwingine.

Wewe akikuita, itika.

Mkeo,
Mama Chiriku