Mchi Wangu na Herufi M

Mpwa wangu Neema,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia. Nipo Majimoto, jua linachoma, na mjomba wako bado nimeduwaa.

Hapa kwa rafiki yangu mashine ya kukoboa imeharibika, kwa hiyo mpunga tunautwanga kwenye kinu, watu wawili kwa zamu. Binti yake Leokadia, anayesomea lugha chuoni, anataja neno, na mchi wako lazima ushuke pale sauti inapoelemea, wa mwenzako ufuate kwenye silabi ya mwisho. Ukigonganisha michi, unakula wa mwisho. Na jikoni kulikuwa na kambare mkubwa kama mtumbwi.

Nikawaambia mimi nimewahi kutwanga mpaka kinu kikapasuka. Leokadia akataja "mpunga", nikashuka kwenye pu. "Mchele", nikashuka kwenye che. Mama mwenye nyumba, niliyekuwa nikitwanga naye, akasema, "Huyu mgeni fundi bwana." Ndipo binti akataja "mtu".

Nikaisubiri ile "tu" ya mwisho, maana m haina irabu, itabeba nini? Mchi wa mama ukanikuta njiani. Wangu ukaruka hadi zizini, ng'ombe wakatoka mbio.

"Mjomba, mzigo uko kwenye m," binti akasema. "Ni silabi nzima, na ni ya pili kutoka mwisho."

Herufi m, Neema! Sema "mtu" ukigonga meza, uone mkono unaangukia wapi.

Nilikula wa mwisho, nikakuta mkia. Ila mkia wenyewe ulining'inia nje ya sahani pande zote mbili.

Mungu akutunze, na msalimie mama yako.

Mjomba wako