Kwa Profesa Giza, Kuhusu Shimo la Shangazi

Mdogo wangu Mutalemwa,

Nakusalimu kwa sababu nililelewa kusalimia hata mtu niliyemkasirikia. Hujambo? Wifi yangu Editha hajambo? Kifua cha mtoto kimepona, au bado mnampaka mafuta na kungoja? Mimi mwili ni mzima. Theluji huku imefika kwenye vioo vya madirisha, mikono imepasuka kwa sabuni, na wazee wa nyumba hii ninamofanya kazi wanachafua mashuka kwa bidii ileile ya mwaka jana. Habari zangu zimekwisha. Sasa zako.

Unajua kwamba nasikiliza kipindi chako kwenye simu. Nimesikia unajisifu kwa wenzako kwamba una msikilizaji mpaka Kanada. Ila hujawahi kujiuliza nakusikiliza saa ngapi. Wewe ukizima taa za studio hapo Bukoba na kujiita Profesa Giza, huku kwangu ni mchana mweupe. Jua linapiga kwenye theluji, mashine za kufulia zinanguruma, nami nakunja foronya. Mizimu ikisikilizwa mchana, mdogo wangu, haina pa kujificha. Nimegundua kwamba bundi wako ni mmoja tu. Analia vilevile Kemondo, analia vilevile Rubafu, na juzi alilia kwenye hadithi ya mtu aliyekwama ndani ya lifti mjini Mwanza. Nimemzoea. Akichelewa kulia napata wasiwasi.

Bundi hajamdhuru mtu. Ningeendelea kukucheka kimyakimya mpaka nizeeke, kama si yule dereva.

Unamkumbuka vizuri, lakini nitakusimulia upya, maana nataka kila neno liwe mezani. Alipiga simu kwenye kipindi, akajitambulisha kuwa ni dereva wa lori, mgeni wa mkoa, aliyekuja kuchukua kahawa. Gari lake likakwama kwenye tope barabara ya Nshamba, giza likianza kuingia. Akaingia kwenye migomba ya watu kutafuta magogo ya kuweka chini ya tairi. Humo akamwona bibi mmoja anayechechemea, amesimama kando ya shimo refu lililofukiwa upya. Moshi unatoka ardhini. Na yule bibi anaongea na shimo.

"Anasema nini?" ukamuuliza, kwa ile sauti yako ya mtu mwenye mafua.

"Anasema, msinicheleweshe, Jumamosi mnatakiwa."

"Mnatakiwa! Kwani walikuwa wangapi, kaka?"

"Sijui, Profesa. Walikuwa chini."

"Walikuwa chini," ukarudia polepole. Muziki. Bundi.

Niliweka foronya chini. Nikajisemea, sasa atacheka. Sasa atamwambia yule mgeni kwamba hapo si kaburi na hamna msukule, pale ni Shangazi Adventina anavundika ndizi. Maana hakuna mtu duniani anayelijua shimo lile kukuzidi wewe. Tangu Mama afariki tumekulia pembeni yake. Shangazi anachimba, anatandika majani ya mgomba, anapanga ndizi mbichi, anafunika kwa majani na udongo, anafukizia moshi kwenye tundu la pembeni, ndizi zinaiva, kisha zinakamuliwa juisi na kuwa rubisi, pombe ya harusi za watu. Na siku zote anazisemesha, kama anavyosemesha mbuzi, kuku na sufuria iliyochelewa kuchemka. Wewe ulikuwa unalala kifudifudi pale kwenye tundu, matako juu, unanusa kama zimeiva. Mgeni kutoka mbali ana haki ya kuogopa shimo la ndizi. Wewe hiyo haki unaitoa wapi?

Hukucheka. Ulimuuliza nyumba ikoje. Akasema ina bati jekundu. Ukauliza mbele kuna nini. Akasema kaburi lenye msalaba uliopakwa chokaa. Ukauliza ni karibu na wapi. Akasema ukipita kituo cha kununulia kahawa, mteremko wa kwanza. Hapo ulikwisha kuijua nyumba, maana msalaba ule wewe ndiye uliyeupaka chokaa, mume wa Shangazi alipozikwa. Nilikusikia ukivuta pumzi. Halafu ukasema, "Wakazi wa Nshamba, mmesikia wenyewe. Fungeni milango."

Wamefunga, Profesa. Hongera.

Usihangaike kutafuta nani kanieleza yanayoendelea, Nshamba nzima ina simu. Sala ya jumuiya iliyokuwa ifanyike kwa Shangazi imehamishiwa kwingine, kwa sababu eti kwake ni mbali, watu ambao miaka yote wanakuja na watoto mgongoni. Wachache waliokwenda kumjulia hali baada ya misa aliwaletea kahawa ya kutafuna kwenye kisahani, kama mwenye nyumba yeyote wa Kihaya. Kila mmoja akachukua, wakasema asante waitu, wakazifumbata. Kesho yake asubuhi alizikuta anapofagia, zimetupwa kwenye ua, nzima, hata jino halijazigusa. Wewe umekulia huko, huhitaji nikueleze maana ya mtu kukataa kahawa ya mkono wako. Bora angekutukana.

Kisha vijana wakaja mchana kweupe na majembe, wakafukua shimo. Wakakuta ndizi. Ungedhani mambo yangeishia hapo. Mmoja akasema, "Amewageuza." Mutalemwa, nimecheka niliposikia hilo, halafu nikakaa kwenye kapu la mashuka nikalia. Wakazitupa ndizi zote barabarani. Watu wa harusi wakanunua soda. Tangu siku hiyo mawe yanatua kwenye bati lake akiwa amelala, mwanamke wa umri ule, peke yake, na mguu ambao haukimbii. Wewe na mimi tunajua katika kanda yetu vikongwe wamefanywa nini kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Na yeye hajui kwa nini. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Analala na kuku, kipindi chako hajawahi kukisikia, na hakuna mwenye ujasiri wa kumwambia. Alinipigia akasema, "Koku mwanangu, nimemkosea nani? Nimepita nyumba hadi nyumba naomba radhi. Wanasema hakuna kosa, ila hawanitazami usoni. Sasa kosa lisilo na jina nitaliombea radhi vipi?" Akaongeza, "Nafikiria nimuulize Mutalemwa. Yeye yuko redioni, anasikia mambo ya watu."

Nikamwambia mtandao ni mbaya.

Nilikupigia wewe siku hiyohiyo. Majibu yako ninayo kichwani kama sala.

"Dada, ile ni burudani tu. Watu wanajua."

"Wanaorusha mawe wanajua?"

"Mimi sikutaja jina la mtu."

"Bati jekundu, msalaba wa chokaa, mteremko wa kwanza, bibi anayechechemea. Ulibakiza nini, saizi ya viatu?"

"Dada, na wewe! Hujui mambo ya utangazaji. Kipindi cha usiku kinataka hofu. Mimi nina cheti."

Mimi sina cheti. Nina masikio, na nimeyatumia muda mrefu nikikunja nguo. Basi nikufundishe bure kazi yako.

Unamkumbuka Mzee Kashaija? Tata, baba yetu, alikuwa anaweka redio juu ya kabati na kutuambia tulale, naye akijua hatulali. Sauti ya Kashaija ilikuwa mbaya, ya kukwaruza, alikuwa anakohoa hewani na kuomba samahani. Hakuwa na bundi. Lakini Muleba na Bukoba nzima walikuwa wanampigia, enzi zile mtu apande kwanza kilimani kutafuta mtandao, apande usiku, kumweleza Kashaija kitu ambacho hajamwambia mkewe.

Mama mmoja wa Rubafu alipiga analia, kuna mtu anatembea juu ya paa lake kila usiku. Wewe ungemuuliza kama ana kwato. Kashaija akamuuliza, "Nyumba ni ya bati au ya nyasi?" Bati. "Jipya?" Jipya, mwanangu kanijengea. "Basi mama, mchana bati linavimba kwa jua, usiku linajikunyata kwa baridi. Ndilo hilo linalotembea. Na wewe umelala peke yako tangu lini?" Kumbe mwanawe aliondoka mara tu baada ya kuezeka. Wakaongea habari za huyo mwana mpaka akacheka. Hakumfanya mjinga, wala hakumwachia hofu akalale nayo.

Halafu yule mvuvi wa Kemondo. Huyo sitamsahau. Alisema kaka yake alizama ziwani, na sasa kila akitupa nyavu anasikia anaitwa kutoka kwenye maji. Kashaija akauliza, "Anakuita kwa jina gani, la ubatizo au la nyumbani?" Mvuvi akasema, la nyumbani, ambalo marehemu pekee ndiye aliyekuwa analitumia. Kashaija akakohoa, akaomba samahani. Kisha akasema, "Hilo mimi silijui, ndugu yangu. Sina maelezo. Ila yeye akikuita, wewe unatamani kumjibu nini?" Yule mwanamume mzima akalia hewani, na Kashaija akamwacha alie bila kuweka hata tone la muziki. Asubuhi yake Tata alikunywa chai, akaenda kwa baba mdogo ambaye walikuwa hawaongei.

"Silijui." Nimekusikiliza misimu yote, Mutalemwa, hilo neno sijawahi kulisikia mdomoni mwako. Profesa Giza anajua kila kitu: majini wanakotoka, wanachokula, wanayemwogopa. Isipokuwa shimo la ndizi la kwao.

Na kulikuwa na jambo ambalo Kashaija hakuliruhusu hata mara moja. Mtu akianza tu, "Jirani yangu, yule mama wa..." anamkata hapohapo. "Pumzika hapo. Nieleze ulichokiona wewe. Jirani mwache alale." Alikuwa anajua kwamba mwanga wa mchana utakuta watu walewale kwenye nyumba zilezile, na mtu atatakiwa kwenda kuomba moto kwa mwenzake. Anayepiga simu usiku wa manane hatafuti mizimu. Anatafuta mtu aliye macho. Kazi ya mtangazaji ni kukaa naye mpaka woga upungue. Wewe unauongeza, kisha unaweka tangazo la simenti.

Kwa hiyo Ijumaa hii, saa ileile, bila muziki, utasema hewani kwamba bibi wa Nshamba ni Shangazi yako aliyekulea, kwamba shimo lile ni la kuvundika ndizi, na kwamba ulilijua tangu dereva alipofungua mdomo. Hilo la mwisho usilimeze. Wakikufukuza kazi, Editha ana akili na kibanja chenu cha migomba kina magugu.

Nisalimie baba mdogo fundi baiskeli wa Kemondo, yule anayemaliza kila sentensi kwa nyundo. Nisalimie binamu yetu katekista, mwambie nimeshangaa anavyoweza kuhubiri kila Jumapili na asipite kumwona Shangazi. Bibi mzaa mama kule Rubafu mbusu mikono yote miwili, ila haya usimwambie, moyo wake hautabeba. Watoto wako waambie shangazi yao anawapenda, na wasiige sauti ya baba yao.

Limebaki moja. Ulipomaliza kunifundisha utangazaji kwenye simu, ulinikumbusha ile maikrofoni uliyoniomba. Nikakujibu itakuja na Mama Mugisha, nesi wa hapa kazini kwangu, akija likizo, naye ataiacha kwa Shangazi kwa sababu ni njiani kwake. Ukasema utaifuata Jumapili baada ya misa. Hukuuliza hata Shangazi anaendeleaje.

Basi najua ulipo sasa hivi. Umekaa sebuleni kwa Shangazi, kwenye kiti cha karibu na mlango. Mama Mugisha amekukabidhi barua kwanza, mfuko wenye maikrofoni ameukalia, na ni mwanamke mzito. Wanawake wa jumuiya nao wamo, wamejipanga kwenye mkeka. Walialikwa kuja kuona zawadi za ng'ambo, na hakuna msukule wa kumzuia mwanamke wa Nshamba asione zawadi za ng'ambo. Wote wanakutazama. Wanajua jina lako la redioni. Shangazi peke yake ndiye asiyelijua.

Macho yake hayasomi tena. Anaangalia midomo yako inavyocheza, anafurahi kwamba mmoja wa watoto wake ameandika na mwingine amekuja. Muda si mrefu atakuuliza, "Koku anasema nini?"

Rudi mwanzo, umsomee yeye na hao wote. Usiruke. Na usitumie ile sauti.

Ni mimi, niliyekubeba mgongoni pale pale ulipokaa,

Kokugonza